Jicho la Nje ya Kamera

"Matako ya kocha, Nelda! Nimejaza watu sebuleni, nimekaanga mpaka moshi umefika kwa jirani, mwanangu kaangukia mpira mbele ya mji mzima, halafu Jumamosi kwenye televisheni naonyeshwa nini? Matako ya kocha!"

"Punguza sauti, Loyce. Mchungaji yuko barazani kwake."

"Na asikie! Si na yeye aliyaona?"

Mchungaji, ambaye kweli alikuwa barazani, aliinua gazeti likamfunika uso.

Loyce Hambright alikuwa upande wake wa ua, shuka mbichi begani, vibanio vya nguo mdomoni kila alipovuta pumzi. Nelda Stuckey, aliyetoka kazini Alhamisi ile, alikuwa upande wa pili na kikombe cha kahawa kilichokwisha kupoa. Mtaa mzima ulikuwa umeshafungua madirisha. Pale Ballew, magharibi ya Texas, upepo haujui kuficha kitu. Unabeba vumbi, unabeba harufu ya visima vya mafuta, na ugomvi wa wanawake wawili unaubeba mpaka kwa kinyozi.

"Kocha alirusha kofia," Nelda akajitetea. "Watu wote waligeuka kumtazama. Mimi nikageuka nao."

"Watu wote hawalipwi kushika kamera."

Hilo lilimwingia Nelda, maana lilikuwa kweli. Jumatatu mpaka Alhamisi alikaa kwenye ofisi ya kampuni ya televisheni ya waya akipokea simu za watu waliopotewa na picha. Lakini Ijumaa jioni, msimu wa mpira wa Kimarekani ukifika, ule unaobebwa mikononi, alikuwa mtu mwingine. Alipanda juu uwanjani, akasimama nyuma ya kamera, na mechi ya shule ya sekondari ikapita mikononi mwake. Haikuruhusiwa kuonyeshwa usiku uleule. Wakubwa wa mashindano waliogopa watu wangebaki majumbani na viwanja vibaki na njiwa. Kwa hiyo Ballew yote ilikwenda uwanjani Ijumaa, na Jumamosi asubuhi ikakaa mbele ya televisheni kuitazama tena mechi ambayo matokeo yake kila mtu anayajua, ikipiga kelele kana kwamba huenda safari hii yakabadilika.

Ballew yote ilitazama tena; Loyce peke yake alitazama kwa mara ya kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kibanda cha chakula, kule chini, nyuma ya jukwaa. Tangu mwanawe Dub aingie timuni, Loyce hakuwahi kuona mechi ya nyumbani kwa macho yake. Alisikia bendi, alisikia miguu ikipiga mbao juu ya kichwa chake, alimimina chili, ule mchuzi mzito wa nyama na pilipili, juu ya chipsi za mahindi na kuuliza kila anayekuja, "Kimetokea nini? Dub yuko wima?" Mara mbili alijaribu kumwachia mwenzake mwiko, mara zote mbili watu waliionja ile chili, wakaanza kunong'ona, na wazazi wa watoto wa bendi wakaja kumwomba arudi. Macho yake yalikuwa kamera ya Nelda. Hakuwa na mengine.

Na Dub alicheza mstari wa mbele, pale wanapopangwa mabonge. Kazi yake ilikuwa kugongana na mabonge wenzake ili vijana wembamba wapite na mpira. Kijana wa mstari wa mbele anaweza kumaliza shule hajawahi kukimbia na mpira hata hatua moja, na kamera haimtafuti, kwa sababu kamera inafuata mpira.

"Kesho ndiyo ya mwisho," Loyce akasema, na safari hii sauti ilishuka yenyewe. "Hachezi tena baada ya hapo. Anakwenda kwa mjomba wake kwenye visima. Nelda, shoga yangu, sikiliza."

Akasogea mpaka tumbo likagusa waya wa ua.

"Usiniambie," Nelda akasema, maana aliijua ile sura.

"Kuna mchezo wameuficha."

"Loyce, sitaki kujua!"

"Kelton, yule mrushaji wetu, akipewa mpira atauweka chini kwenye nyasi. Auache pale, kama kuku ametaga. Halafu yeye na wenzake wote wanakimbilia kulia, kakumbatia hewa, na wapinzani wetu wa Tarver wanamkimbiza kama mbwa na gari. Dub anabaki ameinama. Anautwaa. Anakwenda kushoto, peke yake, na hakuna mtu mbele yake." Macho yalikuwa yamemlowa. "Waamuzi wataambiwa kabla, ni halali. Na ishara ni hii: Dub atapangusa viganja kwenye nyasi, mara mbili."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Nilimnyima pai ya kokwa za pekani mpaka akasema."

Nelda alitazama madirisha ya mtaa. Mengi yalikuwa wazi.

"Mtu wa kamera hatakiwi kujua," akasema taratibu. "Akijua, mikono yake inajua."

"Basi na ijue! Nataka nimwone anainuka na ule mpira. Ukinionyesha kofia ya mtu, ua huu nitaugeuza ukuta."

Akageuka, akapiga shuka kwenye kamba, na mazungumzo yakaishia hapo.

*

Kibanda cha juu ya jukwaa kilikuwa sanduku la mbao lenye vyumba vitatu, vilivyotengwa kwa plaiwudi nyembamba. Makocha wa Ballew walikaa kulia. Makocha wa wageni walikaa kushoto. Katikati alikaa Hershel Ott, muuza bima mwenye sauti ya redio na macho ya fuko, ambaye ndiye aliyetangaza mechi. Na pembeni yake, kwenye dirisha lisilo na kioo, Nelda na kamera yake.

Hershel hakuona namba za wachezaji kutoka juu kule. Alitegemea televisheni ndogo iliyowekwa mezani pake, iliyoonyesha kile hasa kamera ilichokitazama. Na kwenye plaiwudi ya upande wa wageni palikuwa na kidirisha cha kioo, ambacho fundi aliyejenga alikiweka kwa sababu alikuwa nacho. Miaka yote Nelda hakukifikiria.

Jioni ile, wakati bendi inaingia, alikiona. Upande wa pili wa kioo alikaa kocha msaidizi wa Tarver, kijana mwenye shingo nene anayetafuna ubani, simu ya masikioni kichwani, mstari wake wa moja kwa moja na benchi kule chini. Mbele ya dirisha lake palikuwa na nguzo ya taa inayomkata uwanja nusu. Kwa hiyo aligeuza shingo, akatazama televisheni ya Hershel. Alipoona Nelda amemwona, akacheka na kumpungia mkono.

"Asante, mama! Unaona vizuri kuliko mimi!"

Nelda akamgeukia mtangazaji.

"Hershel, geuza hiyo televisheni."

"Nikiigeuza niangalie nini, ukuta?"

"Yule wa Tarver anaitazama."

"Na aitazame. Anaona nini asichoweza kukiona uwanjani?" Hershel akapuliza kipaza sauti. "Mbona leo una wasiwasi kama bibi harusi?"

Nelda aliinuka. Alivua jaketi akalitundika kwenye kioo. Haikuchukua muda plaiwudi ikagongwa. "Mama! Mnatuficha nini huko?" Kisha sauti ileile, ikisema kwenye simu: "Kocha, hapa juu wamefunika dirisha. Kaeni macho, kuna kitu." Nelda alilivuta jaketi lile kama limeshika moto.

Robo ya kwanza ilipita kwa mabavu. Tarver walikuwa wakubwa, wametoka kwenye shule yenye watoto wengi, na waliwagonga Nyigu, ndivyo timu ya Ballew ilivyoitwa, mpaka mlio ukafika juu. Nelda alifanya kama afanyavyo siku zote: kabla ya mpira kuanza, picha pana, vijana wote ndani, mpira ukianza, karibu, na kuufuata. Jicho la kulia ndani ya kamera, la kushoto wazi, likitazama uwanja nje. Ndivyo mumewe marehemu alivyomfundisha. Jicho moja linapiga picha, lingine linalinda.

Lakini jicho la kushoto halikutulia. Lilimtafuta Dub, namba sitini na nne mgongoni.

Robo ya pili, Ballew wakiwa na mpira, Dub aliinama akapangusa viganja kwenye nyasi. Mara moja. Akainuka. Akainama tena.

Nelda hakuamua. Mikono iliamua. Picha ikavutwa karibu, karibu zaidi, mpaka Dub Hambright akaijaza televisheni yote ya Hershel: shingo, jasho, sitini na nne.

Haikuwa kitu. Dub alijikuna kifundo. Kelton aliupokea mpira, akauficha kwapani, akapita katikati akaangushwa, na Nelda akaukosa mchezo wote kwa sababu alikuwa anatazama bonge likijikuna.

"Nelda?" Hershel akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Tuko wapi?"

Na kupitia plaiwudi, waziwazi kama mtu aliyeko chumbani: "Kocha. Yule mama wa televisheni kamvuta karibu sitini na nne, kabla ya mpira. Hapana, mstari wa mbele. Ndiyo, najua hana mpira. Ndiyo sababu nakwambia. Mwekeeni mtu."

Kule chini, kocha wa Tarver alimshika bega kijana mmoja mwenye miguu mirefu, akamnyooshea kidole. Kijana akaenda akasimama mbele ya Dub. Mpira ulipoanza tena alikuwa pale. Na mara iliyofuata. Dub alikwenda kulia, kijana akaenda kulia. Dub akanywa maji, kijana akamtazama anavyokunywa.

Wakati wa mapumziko Nelda hakushuka kula. Chini ya miguu yake, kwenye kibanda cha chakula, alimsikia Loyce akipiga kelele, "Foleni moja, mabwana, chili haikimbii! Kuna aliyemwona Dub? Yuko wima?" Mtu akamjibu kwamba Dub yuko wima, ila ameota kivuli. Watu wakacheka. Nelda hakucheka. Kivuli kile alikuwa amekiotesha yeye.

Alifikiri kushuka kuwaambia makocha wa Ballew. Lakini angesema nini? Kwamba mchezo wao wa siri umezungumzwa kwenye kamba ya nguo? Wangeufuta papo hapo, na Dub angemaliza mpira wake akiwa amegongana tu. Na Loyce angejua nani kaufuta.

Akanywa maji. Akaamua.

Robo ya tatu yote hakumtazama Dub. Alikuwa kamera tupu. Kelton akipewa mpira, Nelda yuko kwa Kelton. Kelton akirusha, Nelda yuko na mpira hewani. Aliwavuta karibu wale wembamba, wa kulia, wa kulia tena, mpaka Hershel akasema hewani kwamba leo Ballew wanaupenda sana upande wa kulia. Kupitia kioo alihisi macho ya kijana wa ubani yakifuata, yakizoea. Katikati ya robo ya nne sauti ikasema, "Sitini na nne hana kitu, kocha. Yule mama alikuwa anamtazama tu, labda ni shangazi yake. Mrudishe mtu wetu."

Kijana wa miguu mirefu akarudi mahali pake.

Ballew walikuwa nyuma kwa alama nne, kuvuka mstari na mpira kunatoa sita, na saa ilikuwa inakwisha. Uwanja mzima umesimama. Bendi imenyamaza, kitu ambacho bendi ya Ballew haikuwahi kufanya kwa hiari yake. Nyigu walikuwa karibu na mstari wa Tarver kiasi kwamba ungeweza kurusha kiatu kikaufikia, na walibakiwa na nafasi moja tu.

Wakapangana. Dub akainama.

Akapangusa viganja. Mara moja.

*Usimguse*, Nelda akaiambia mikono yake. *Usimguse, usimguse.*

Mara mbili.

Kila kidole chake kilitaka kumvuta yule mtoto karibu. Alikuwa amemwona akijifunza kutembea kwa kushikilia waya wa ua ule. Alijua kwamba Loyce, kule chini, ameshika mwiko na hamimini, anasikiliza kimya cha watu juu ya kichwa chake na hajui kimya cha nini. Alijua anachokidai. Angeweza kumpa. Kusogeza kamera kidogo tu, kushoto, ili ainuke na mpira katikati ya picha, safi, ukumbusho wa maisha.

Na kupitia kioo, macho mawili yalikuwa kwenye televisheni, na mdomo mmoja karibu na simu.

Nelda akavuta picha kwa Kelton.

Mpira ukaanza. Kelton akaupokea, akachuchumaa kidogo kama mtu aliyejikwaa, akaondoka kulia amejikunja juu ya tumbo lake, na vijana wote wakaondoka naye. Nelda naye akaondoka nao. Ndani ya jicho la kulia aliuona uongo ule mzima: mgongo wa Kelton, mikono iliyokumbatia hewa, vumbi la Tarver likimfuata.

"Kulia!" kijana wa ubani akapiga yowe kwenye simu, ubani ukaruka. "Kulia, kulia, wote kulia!"

Lakini jicho la kushoto lilikuwa wazi. Nje ya kamera, mbali kule kushoto, kwenye nyasi tupu, jicho lile lilimwona Dub amepiga magoti kama mtu anayesali. Lilimwona akiuvuta mpira chini ya kifua kwa mikono yote miwili, jinsi mtu anavyomwokota mtoto mchanga kitandani. Lilimwona akiinuka, akitazama kulia, akitazama mbele, haamini. Kisha akakimbia. Alikimbia vibaya, magoti nje, kofia ngumu ya mchezo ikimcheza kichwani, na hapakuwa na mtu.

Nelda akangoja mpaka neno "kulia" limesemwa na haliwezi kurudi. Ndipo akaizungusha kamera kwa nguvu zote.

"Mpira uko wapi?" Hershel akapayuka hewani, pua yake imegusa televisheni. "Mabibi na mabwana, Kelton hana mpira! Nani ana mpira?"

Picha ikapita taa, ikapita bendi, ikapita kila kitu, ikamkuta Dub hatua chache kutoka mstarini. Akavuka. Akaanguka mwenyewe, bila kusukumwa, na Ballew ikamwangukia.

*

Jumamosi asubuhi magari yalijaa mbele ya nyumba ya Loyce mpaka mengine yakapanda nyasi za mchungaji. Nelda hakwenda. Alikaa kwenye ngazi za mlango wake wa nyuma na kikombe chake, akisikiliza kanda yake mwenyewe kupitia madirisha ya jirani. Hakuwa ameigusa. Angeweza kuikata ile sehemu na kubuni kisingizio cha waya, lakini hakuwahi kukata kitu.

Alisikia watu wakizomea Tarver. Alisikia kicheko wakati Dub anajikuna, na sauti ya Loyce, "Angalieni mwanangu huyo! Safi, Nelda, safi!" Hiyo ilimuuma kuliko matusi.

Kisha robo ya nne. Nyumba ikanyamaza. Hershel akauliza mpira uko wapi.

Halafu yowe la mwisho, fupi, kama watu waliochelewa basi na kulishika kwa mkia. Mlango wa wavu ukapigwa.

Loyce alitoka na aproni, unga mpaka viwikoni. Akaja mpaka uani. Nelda akasimama.

"Nilikwambia," Loyce akasema. "Nilikwambia mpaka ishara."

"Uliniambia."

"Ukaenda kulia na wajinga wengine."

"Nilikwenda."

"Kwa makusudi?"

Nelda akamweleza, bila kujipendelea: kioo, televisheni ya Hershel, yule kijana wa ubani. Akamweleza na robo ya pili, jinsi mikono ilivyomsaliti, na kile kivuli alichokiota Dub kilitoka wapi. "Ningemtazama yeye, wangemtazama wote. Ilikuwa ama umwone anainuka, ama apite. Sikuweza kukupa vyote viwili."

Nyuma ya Loyce, Dub alikuwa ametokeza mlangoni, sahani mkononi, anatafuna. "Ni kweli, Ma. Yule jamaa wa miguu mirefu alinibana mpaka nikataka kumpa namba yetu ya simu. Halafu akaniacha tu. Nilidhani Mungu."

"Ingia ndani," Loyce akamwambia bila kugeuka. "Umeacha mlango, nzi wanaingia."

Dub akaingia. Loyce akashika waya wa ua kwa mikono yenye unga.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyemwona," akasema. "Watu wote wale, wote walitazama kulia. Nimewauliza mmoja mmoja pale sebuleni. Mchungaji kulia. Hershel kulia. Hakuna hata mmoja aliyemwona mwanangu anaokota ule mpira."

"Mimi nilimwona."

"Kamera yako ilikuwa—"

"Kamera. Mimi nina macho mawili, Loyce. Hili moja," Nelda akagusa shavu la kushoto, "lilikuwa kwake toka alipoinama. Liliona yote."

Loyce alimtazama lile jicho kana kwamba bado lina picha ndani yake. Pua ikawa nyekundu. Akaipangusa, akajipaka unga.

"Aliinukaje?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Kwanza alipiga magoti—"

"Ngoja!" Loyce akainua kiganja. "Usinisimulie hapa kama tunauziana mayai. Zungukia mlango wa mbele. Mchungaji atakupisha kiti, na mtu yeyote asitie neno mpaka umalize. Njoo, shoga, mikate midogo imetoka motoni sasa hivi, na mchuzi wa soseji ukiganda nitakulaumu wewe."

Akaugeuzia mgongo ua, akaita ndani kwa sauti iliyofika kwa kinyozi:

"Zimeni hiyo televisheni! Mwekeeni Nelda sahani!"